Mtu wa Kumwagiwa Maji

Ha Lephatso, milimani Lesotho
3 Machi 1991

Khotso, Sootho, mwana wa mama. Amani kwako na kwa hao wote unaolala nao chumba kimoja huko mgodini Welkom, hata yule uliyesema anakoroma kama trekta. Mwambie alale ubavu.

Anayeandika ni mjukuu wetu Nthofeela, maana mimi kalamu naijua kwa sura tu. Sisi wazima. Goti langu la kushoto linatangaza mvua kuliko redio. Mipichi mwaka huu imezaa mpaka matawi yamevunjika, nimekausha magunia mawili, nawe ungekuwepo ungekula mabichi ukaumwa tumbo kama zamani. Ng'ombe wako ulioniachia niwalishe ni wazima. Khunoana amezaa tena, ndama jike, ana baka jeupe kwenye paji kama mtu aliyepakwa unga. Yule Khunoana nakwambia ana adabu kuliko watu. Nakunywa maziwa yake nakuombea.

Sasa habari yenyewe. Nthofeela amerudi nyumbani na tumbo. Unajua mwenyewe, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi wa binti, na kwa kuwa mama yake, Moliehi wangu, hayupo, mama ni mimi. Nikasema vizuri, mikono yangu ipo, nimepokea watoto zaidi ya hamsini kijiji hiki na hakuna aliyenidondoka. Lakini nesi wa kliniki amempima nyonga kwa uzi akaandika kadi. Eti huyu hatazaa hapa. Ashuke hospitali ya masista kule mjini, apasuliwe.

Nikamwuliza, "Mwanangu, apasuliwe kwani ni gunia?"

Akasema, "Bibi, nyonga ni nyembamba, mtoto hatapita. Na aende mapema, Juni theluji ikifunga mlima gari halitoki."

"Haya. Na bei?"

Akataja maloti mia tatu, yalipwe kwanza ndipo kisu kishikwe. Nikacheka. Halafu nikaona hacheki.

Nikapanda farasi wa kuazima nikaenda kwa mkwe, mzee Qhobela. Alinipa bia ya mtama, siwezi kusema hakunipa. Nilipotaja mia tatu akaweka kibuyu chini. "Mama Moliehi, mtoto wa kwanza ni wenu kumpokea. Mila ndivyo isemavyo. Sisi tutalipia wa pili."

Nikamwambia, "Na jina la ukoo atachukua la nani, la kwangu?"

Akaangalia mlima. Huyo mwanawe Tankiso, mume wa Nthofeela, anavunja mawe barabara ya bwawa, mshahara wake unaishia kwenye unga.

Basi nimekaa nakumbuka siku aliyozaliwa Moliehi wangu. Unakumbuka? Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, miguu kama vijiti vya kukorogea. Mama akakupa kibuyu cha maji ya kisima chetu, akasema, "Nenda kwa shemeji yako kampe habari, na usifungue mdomo." Maana kwetu mdomo hautangazi uzazi. Akizaliwa wa kiume, baba hushtukizwa kwa fimbo. Akizaliwa wa kike, humwagiwa maji. Nawe ukavuka vilima viwili, ukamkuta marehemu mume wangu anakata kondoo manyoya, ukammwagia mpaka kofia ikaelea! Alikukimbiza hadi mtoni huku anacheka na kulia. Siku zile bwana.

Nthofeela ameacha kuandika, ananiuliza mama yake alikufaje. Nimemwambia andika, usiulize.

Sikuombi kitu, Sootho. Nakupa habari tu.

Dada yako,
Mama Moliehi

(Babu Sootho, ni mimi Nthofeela. Kofia haikuelea. Kila mwaka anaongeza.)

* * *

Welkom
14 Aprili 1991

Kwa dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini goti limepoa. Mimi ni mzima. Huku baridi imeanza na vumbi la mgodi ni lilelile. Yule wa kukoroma amehama. Wengi wamehama.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Kuhusu Nthofeela, mimi nasema Qhobela alipe. Mtoto ni wa ukoo wake, atachunga kondoo wake, atamzika yeye. Ukianza kumlipia mtu jambo lake, hataacha kukuletea mengine. Simama imara, usitoe hata senti, atachoka mwenyewe.

Ng'ombe wangu usiwaguse. Nikirudi nataka nijenge nyumba ya bati pale chini ya shamba la mama, na hao ndio bati langu na ndio mlango wangu. Nafurahi Khunoana amezaa. Mpe chumvi.

Mambo ya zamani tuyaache yalale.

Kazi si mbaya.

Mdogo wako,
Sootho

* * *

Ha Lephatso
5 Mei 1991

Khotso, Sootho.

Leo mwandiko utauona ni mwingine. Anaandika mke wa mwinjilisti, Mama Mpolokeng, mtu mwenye kifua, ukimwambia jambo linazama. Nimekuja kwake kwa kisingizio cha kuazima ungo. Amani kwako. Mtama tumevuna nusu, ndege wamevuna nusu. Mbuzi wa mwinjilisti amekula Biblia, kuanzia Mwanzo mpaka kwa Musa, mwenyewe hapa ananikataza nisikuandikie lakini anaandika.

Barua yako alinisomea Nthofeela, nani mwingine? Alisoma vizuri tu. Alipofika pale uliposema usitoe hata senti, akaishia hapo. Akaikunja. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji, na ndoo ilikuwa imejaa. Niliona maji yakimwagika mgongoni kwake anavyokwenda na hajui.

Sasa wewe unasema mambo ya zamani yalale. Sootho, hayajalala. Yamekaa hapa yanatutazama. Yana tumbo la miezi saba.

Nitasema leo, halafu sitasema tena. Mwaka ule wa sabini na moja, Moliehi aliporudi nyumbani kujifungua, wewe ulikuwa likizoni na koti lako jipya. Uchungu ulimshika asubuhi. Mpaka jua la utosini hakuna kitu. Mwenye duka alikuwa na lori, akasema nipeni ng'ombe mmoja wa rehani nampeleka hospitali sasa hivi. Ng'ombe mmoja tu! Nanyi wanaume mkakaa kwenye ua wa ng'ombe kujadili. Wakwe wakasema mtoto wa kwanza ni wenu. Mume wangu akasema mke ni wenu, tumbo mmelitolea mahari. Nawe ndiye mjomba, uliyekula fungu lako la mahari ya mpwa wako, neno lako lilikuwa la mwisho. Ukasema nini? Nilikusikia kupitia ukuta. Ulisema, "Mahari bado ng'ombe watano. Wamalize kwanza, ndipo tuongee habari ya lori."

Watu wakakusifu. Wakasema kijana anajua mila.

Mlijadili mpaka kondoo wakarudi. Walipoingia zizini, Moliehi wangu alikuwa ameshakwenda. Kichanga tukakivuta, kikalia, nikakiita Nthofeela, Kitu Tu, ili kifo kikipita kione si cha thamani kiendelee na safari. Na kina Khunoana hawa, wametoka wapi? Wametoka kwenye fungu lako lile la mahari ya Moliehi. Bibi yake Khunoana ndiye angekuwa rehani ya lori.

Subiri, Mama Mpolokeng, usilie kwenye karatasi. Andika.

Na mimi je? Sitakuachia mzigo wote. Yule mwenye duka alipoleta neno, mimi nilitoa kichwa mlangoni nikasema, "Waambieni wasisumbuke, mikono yangu inatosha." Nilisema hivyo. Kwa kiburi. Nilimpokea kila mtoto wa kijiji, nikaona aibu wangu apokewe na mgeni kwa ng'ombe. Miaka ishirini sijamwambia mtu. Ndiyo nimekwambia.

Unanishauri mtoto alipiwe na ukoo wake. Mama yetu alipokuzaa wewe, nilikuwepo, nilikuwa mdogo ila nakumbuka moshi. Kila mwanamke wa kijiji alikuja na mzigo mmoja wa kuni. Mmoja tu. Hata yule mchawi wa upande wa mto, hata yule aliyegombana na mama kisa kuku. Hakuna aliyeuliza huyu ni mtoto wa nani nilete kuni. Waliweka, wakaimba, wakaenda. Zikawaka mwezi mzima wa uzazi, na zilizobaki tulipikia mpaka mavuno. Wewe Sootho ulipikwa kwa kuni za kijiji kizima! Na ulipokua ulichunga ng'ombe wa nani? Wa kila mtu. Ukambeba nani kaburini? Kila mtu. Unachimba dhahabu ya nani huko? Hata si ya kwetu. Basi mtu anayekuja kutumikia watu wote hivyo, kwa nini siku ya kuzaliwa tu ndiyo awe wa mtu mmoja, alipiwe na mmoja? Hata hiyo serikali ya Maseru, siku ya kodi inawajua watoto wetu wote kwa majina.

Nimesema mengi. Wewe hujawahi kumwagiwa maji wala kuchapwa fimbo, ndiyo maana unaandika kama mtu anayepima uzi dukani.

Theluji imeshapaka kilele cha juu. Sikuombi kitu.

Mama Moliehi

* * *

Kwa Mama Dineo, nyumba ya nyuma
Thabong, Welkom
17 Juni 1991

Dada,

Khotso. Barua yako imenifikia juzi. Ilikwenda mgodini na mimi sipo kule. Usiulize.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mama Dineo aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa zamani kidogo.

Sina la kujitetea. Maneno yale niliyasema, na nilipoyasema nilitazama kama wazee wananitazama. Nilikuwa na koti jipya. Wiki ile ile nilirudi huku, na watu wakadhani nimependa kazi. Kila likizo nilipokuja, Nthofeela alikuwa ananiletea maji ya kunawa, anapiga goti, na mimi namwangalia nyusi zile za Moliehi, nanawa haraka.

Kuna jambo nami sijalisema. Ile siku ya kibuyu. Dada, yale maji ya kisima cha mama hayakufika. Nilikimbia mno, nikajikwaa kilima cha kwanza yakamwagika yote. Nikaogopa kurudi. Nikachota mengine mtoni, pale ng'ombe wanapokanyaga, ndiyo niliyommwagia shemeji. Mtu mzima sasa, najua ni ujinga, lakini Moliehi alipokufa nilisema moyoni kwamba mimi ndiye niliyemtangaza kwa maji machafu.

Uza Khunoana. Usimuuze kwa mchinjaji wa duka, ni mwizi, mpeleke kwa wale wanaonunua wa maziwa. Asipotosha, uza na dume. Usimngoje Qhobela wala usiningoje mimi.

Kweli sijawahi kumwagiwa maji. Yule mwanamke niliyeishi naye huku aliondoka kabla hatujapata kitu. Hilo nalo sikukwambia.

Fanya haraka, dada. Barua hizi zinatembea kama wazee.

Sootho

* * *

Ha Lephatso
28 Julai 1991

Khotso, Sootho, mwana wa mama, khotso sana, na kwa huyo Mama Dineo pia, ambaye sijui anakupa chakula gani.

Usishangae barua ni ya penseli. Kalamu ya wino ipo, Nthofeela anayo hapa, ila nimemkatalia. Sababu utaiona.

Ndiyo, Nthofeela anaandika. Amekaa kitandani kaegemea mto, mkono mmoja penseli, mkono mwingine una mtu. Sikwambii ni mtu gani. Juu ya mlango nimechomeka tete la uzazi, na mwanamume yeyote akiliona anageuka, hata mwinjilisti juzi aligeuka na mbuzi wake.

Theluji ilianguka mpaka magotini, tanki la kliniki likaganda, na kuku wangu mmoja tulimkuta amesimama wima, amekufa, kama anasubiri basi. Goti sitalisema.

Sasa nikuungamie. Barua yako ya kuuza Khunoana ilifika tarehe ishirini na sita Juni. Khunoana aliondoka tarehe ishirini na tatu. Umesikia? Nilimuuza kabla. Nilimfunga kamba asubuhi, nikamwambia, "Mama, mwenyewe hajasema ndiyo. Lakini tulishangoja wanaume mara moja." Nikampeleka kwa watu wa maziwa. Alinifuata taratibu, ile adabu yake, na pale daraja alisimama akageuka kumtazama ndama. Nilirudi na pesa kwenye soksi na aibu kichwani. Siku tatu nilikuwa mwizi wa mali yako. Nikipika nasema mwizi anapika. Nikisali nasema mwizi anasali. Halafu posta ikaja, Mama Mpolokeng akanisomea uza Khunoana, nikakaa chini pale pale kwenye theluji, na mwenzangu akadhani nimevunjika. Ulinisamehe kabla hujajua, mdogo wangu. Au tuseme ulikuwa umechelewa, lakini safari hii siku tatu tu. Ile ya kwanza ulichelewa miaka ishirini.

Kushuka hospitali, sikiliza nikwambie. Kuna nyumba ya wajawazito kusubiria, lakini unakwenda na kuni zako na unga wako. Nikamwambia Mama Mpolokeng, kuni nitazibebaje na goti hili? Sijui alikwenda akasema nini kwa wenzake. Asubuhi natoka nje, uwanja umejaa. Mzigo mmoja, mzigo mmoja, mzigo mmoja. Kila nyumba! Siku hizi watu wana majiko ya parafini, Sootho, wengine kuni wamezinunua! Yule mjane wa pale juu ambaye hatusalimiani kaleta mkubwa kuliko wote, kautupa, kaniambia, "Usidhani nimesahau." Punda watatu tulipakia. Nililia mpaka punda mmoja akanitazama.

Tarehe tisa Julai wakampasua. Nilikaa nje kwenye benchi. Mikono hii ilikuwa haina kazi, nikaikalia. Akatoka sista kijana, mtoto kabisa, kashika kitu kimefungwa kitambaa cha kijani, akasema, "Bibi, mpokee." Nikampokea. Basi, kupokea kwangu kukawa huko tu. Na kulitosha.

Nthofeela amenitazama kwa jicho. Anajua sasa. Mama yake alikufaje, nimemwambia mwenyewe, kule kule wodini, lori na kiburi na vyote. Aligeukia ukuta siku nzima. Kesho yake akasema, "Bibi, nipe uji." Nikajua bado mimi ni bibi yake.

(Babu, nilikuwa na njaa tu.)

Mzee Qhobela alikuja. Alisimama mbali na tete, kavaa blanketi la sherehe, kaleta kondoo na ngozi ya kumbebea mtoto. Akaanza, "Mama Moliehi, kuhusu zile mia tatu." Nikamwambia, "Baba, mtoto amekwishazaliwa. Sasa hivi analipwa kwa maziwa, na hayo yapo. Wa pili mtalipa ninyi, ulisema mwenyewe." Akacheka, akakohoa. Tankiso naye amepata haki yake ya ubaba, nilimtuma shangazi wa kijiji mpaka barabarani kwenye mawe, wenzake wameona wote, sikwambii alipata ipi.

Lakini nikakaa nikawaza. Baba ni baba, sawa. Na yule aliyemtoa Khunoana? Yule ambaye nyumba yake ya bati imeishia tumboni mwa mjukuu? Huyo habari anapewa kwa mdomo tu, kama jirani? Hapana. Mama angefufuka anichape.

Na jambo jingine. Mimi sikusoma, lakini anwani naijua ikibadilika. Mtu wa mgodi hakai nyumba ya nyuma kwa Mama Dineo. Kazi imekwisha, sivyo? Tangu lini? Tangu yule wa kukoroma alipohama? Unaona haya kurudi mikono mitupu. Sootho, ulipotoka hapa ulikuwa na nini? Ndama wa Khunoana yupo, lile baka limekua naye. Dume yupo. Pale chini ya shamba la mama pana mawe ya kutosha nyumba ya nyasi, na bati litakuja likitaka. Tete linatolewa mlangoni mwezi ujao tarehe tisa, ndipo wanaume wataingia kumwona. Njoo. Uwe wa kwanza, kabla ya Qhobela. Nimeshamwambia angoje.

Na ile habari ya kibuyu. Unajua nilicheka? Miaka yote unabeba maji ya mto kichwani, mjinga wewe. Moliehi aliishi miaka ishirini na mbili kwa maji yale yale, akaimba, akaolewa, akanijibu jeuri. Hayakuwa maji, mdogo wangu. Tulikuwa sisi.

Hata hivyo, safari hii sitaki mtu ajikwae. Leo asubuhi, goti au si goti, nimeteremka mwenyewe mpaka kisima cha mama. Nilivunja barafu kwa jiwe. Nimepanda na maji polepole, ndoo haikumwaga tone, kijiji kizima kikiniuliza bibi unabeba yai? Yapo hapa, baridi kama kisu.

Ukiifungua bahasha ukaona karatasi imekunjamana na imegandana, usilaumu posta.

Haya, Nthofeela, tosha. Weka penseli chini, mshike vizuri mtoto asirukiwe, unipe hiyo kata.